Mbwa Asiyeambiwa Karibu

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kwamba goti la Mama limepunguza kutabiri mvua. Sisi huku wazima. Wifi yako hajambo, anawasalimu sana.

Barua yako ya wizi imefika. Pole. Huyo mlinzi wako anayelala kabla ya kuku naona kazi yake aliifanya vizuri: majora manne ya kitambaa yameondoka, mashine ya kupigia pini imeondoka, lakini usingizi wake hakuna aliyeugusa. Mpandishe mshahara.

Mimi nakutumia mbwa. Atakuja na dereva wa lori la kampuni, yule mwenye kitambi na maneno mengi. Mbwa anaitwa Karani, kwa sababu hapiti mtu bila kukaguliwa. Ana miaka mitatu. Kampuni imempunguza kazini kwa kuwa sikio lake moja limekatika ncha, na wateja wetu wakubwa hupenda mbwa mwenye masikio yanayolingana, kana kwamba watamvika hereni.

Sasa sikiliza, na usome mstari huu mara mbili. Mbwa wa kazi analala nje, bandani. Nakujua vizuri. Wewe ndiye uliyemficha kuku mgonjwa kwenye kabati la nguo mpaka akatagia sketi ya shule ya Mama Mdogo. Banda liwe la mbao, si saruji, maana saruji hunyonya joto la mbwa. Lipandishwe juu ya matofali, mgongo ugeukie upepo, mlango uwe mdogo ili joto la mwili wake libaki naye. Liwekwe nyuma ya karakana, mbali na mlango wa kupokelea watu. Wateja wasimsemeshe. Mama asimsemeshe. Mama hasa.

Usiniulize kwa nini. Mimi nimefundisha mbwa miaka kumi na sita. Wewe umefundisha masofa kukalika, na hongera, ni kazi nzuri.

Usisumbuke kunipigia simu, mtandao wa huku ni mbovu.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, goti lake bado linatangaza hali ya hewa na kwa kweli linashinda redio. Kazi zipo. Nina seti mbili za kuvalisha upya, moja ya mwalimu mkuu ambayo springi zake zimechoka kumbeba.

Mtandao wako nimeuchunguza. Ni mzima kabisa tukiongelea mvua na bei ya sponji. Nikifika tu kwenye neno "wifi" unakatika. Ndiyo maana naandika. Barua haina kitufe cha kukatia. Salamu za wifi nimezipokea kwa mikono miwili. Nilizisoma kwa sauti hapa sebuleni, zikatufurahisha sana.

Karani alifika salama. Dereva alimsimulia njia nzima habari za ini lake, kwa hiyo mbwa alishuka amechoka. Banda lako nimelijenga kama ulivyoagiza: mbao, matofali, mgongo kwa upepo, mlango mdogo. Fundi jirani aliliangalia akauliza kama linapangishwa. Ni banda zuri mno. Linakaa kuku wawili wa Mama.

Karani yuko ndani. Tulia, usirushe karatasi. Siku ya kwanza alilala bandani. Siku ya pili mtu mmoja wa humu ndani aliniambia: "Mbwa nisiyemwona ndiye ninayemwogopa. Mlete hapa nimtazame." Nikamleta. Analala chini ya meza ya kukatia vitambaa, pua kwenye mlango wa karakana.

Lakini kuna jambo. Juzi mteja alikuja kuchukua kiti chake, mtu wa heshima, koti na kila kitu. Mama akamwambia, "Karibu baba, karibu ndani." Karani akanyanyuka bila hata kubweka, akamshika mkono wa koti. Hakumng'ata. Alimshika tu, akatulia, kama afisa anayesubiri kitambulisho. Tulimwita, tukamkemea, tukamwonyesha nyama. Hakuna. Yule bwana mwishowe alivua koti taratibu, akaliacha, akaenda zake. Karani alilishika koti mpaka usingizi ulipomchukua.

Koti limebaki na mate. Mteja amebaki na hasira. Mimi nimebaki na swali: huyu mbwa amefundishwa kwa lugha gani?

Dada yako


15 Machi

Dada,

Shikamoo, na hongera. Umempata mbwa wa ulinzi umemgeuza mto wa sofa. Wiki tatu tu! Nilidhani itakuchukua mwezi.

Mwambie Mama kwamba mbwa hatazamwi, mbwa anafanya kazi. Kama anamwogopa asipomwona, afurahi, ndivyo na mwizi anavyotakiwa kumwogopa. Mbwa wa ndani husikia sufuria, redio, mlango wa choo, majirani wakigombana. Asikie yote hayo halafu ajue lipi ni la kwake? Hapumziki. Kila mlio kwake ni zamu. Bandani anajua: hapa nimelala, nikitolewa hapa niko kazini. Wewe ukifunga karakana si unapumzika? Au huwa unalala na nyundo?

Tena mbwa wa ndani anajiona mwenye nyumba. Leo meza, kesho sofa la mwalimu mkuu, keshokutwa atakuuliza chakula kimechelewa kwa nini.

Habari ya lugha iache. Maneno ya mbwa wa kampuni ni siri ya kazi, hayaandikwi kwenye karatasi inayopita mkononi mwa dereva mwenye mdomo kama bomba. Dawa ni moja nayo nilikupa bure: mtoe nje. Akiwa nje, lile la koti halitatokea tena.

Wifi yako hajambo. Ameshikwa na kubadilisha mapazia, yuko juu ya ngazi wakati huu ninapoandika. Anasema atawaandikia.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Wifi yetu tunamwombea asianguke kwenye hiyo ngazi. Na akishuka, mpe kalamu aongeze mstari mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Mmoja tu. Hata aandike "mapazia yamekwisha."

Siri yako ya kazi nimeifungua na sikuhitaji ufunguo. Nilikaa chini na Karani siku ya mapumziko, nikamsemesha maneno yote ninayoyajua, kuanzia matusi. Matusi hayajui, masikini, hapo ulimlea vizuri. Lakini nikisema "pole," analala chali chini kama gunia. Nikisema "asante," anabweka mara tatu. Na "karibu," ambalo sote tumelijua kwa gharama ya koti la mtu, ni "kamata."

Umetuletea mbwa anayekamata kila anayekaribishwa, katika nyumba ambayo Mama hakaribishi watu chini ya ishirini kwa siku. Una akili wewe? Jana fundi bomba alipokea hela yake akasema "asante," mbwa akambwekea, yule bwana akadhani pesa ni bandia. Jirani alikuja kumpa Mama pole ya goti. Mbwa akalala, jirani akaondoka akisema tumemfundisha mnyama kuigiza msiba.

Kwa nini hukusema? Hilo banda lako la nje, na mgongo kwa upepo, na "wateja wasimsemeshe," yote yalikuwa changa la macho. Si baridi wala joto lililokuhangaisha. Ni adabu zetu!

Na kuhusu ndani na nje nikujibu kabisa. Wiki iliyopita walirudi wale wezi. Karani hakubweka. Alinyanyuka chini ya meza, akaja akaniamsha kwa pua, akanipeleka mpaka mlango wa karakana, akasimama. Nikawasha taa, nikasikia mtu anaruka ukuta. Mbwa wa bandani angewabwekea nao wangemrushia nyama. Huyu anajua kulala na kuamka kwetu, anajua nani mwenye kikohozi na nani mgeni. Hiyo nayo ni kazi.

Sasa jambo la kweli. Mteja wa pili ameshikwa, mama wa watu, khanga kiunoni. Ilibidi tuikate ile khanga kwa mkasi wangu wa kitambaa. Mwenyekiti wa mtaa ameleta barua yenye muhuri: akishikwa mtu wa tatu na mbwa akakataa kuachia, bwana mifugo atakuja na sindano, na si ya chanjo. Nimemzoea huyu mbwa. Mama amemzoea, na yupo mwingine aliyemzoea ambaye sikutegemea kabisa. Mama nimemwambia asikaribishe watu. Amenijibu kwamba hajazaa watoto ili wamfundishe ujeuri uzeeni.

Nahitaji neno la kuachia. Moja. Liandike, tia kwenye bahasha, funga.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Basi umegundua, mpelelezi.

Acha nikueleze ili usinione mwehu. Wezi wa siku hizi wanajua maneno ya mbwa kuliko walinzi. Anaingia getini anasema "kaa," anasema "lala," mbwa anatii kama mwanafunzi, mwizi anapita. Ndipo nilipobuni maneno ya adabu. Mwizi hasemi "asante," hasemi "pole." Na mlinzi wangu akimwambia mwizi "karibu," mwizi anajua hapo kuna jambo, lakini ameshachelewa. Mkurugenzi alinipa cheti. Kimetundikwa ofisini.

Kasoro yake ni moja tu. Mbwa huyo haingii kwenye nyumba ya watu wanaoheshimiana. Anafaa nje, penye ukuta na giza, ambapo hakuna anayemkaribisha mtu. Kwa hiyo narudia: banda.

Neno la kuachia haliandikiki. Linahitaji sauti yake, linahitaji kutamkwa chini kabisa, mtu akilipayuka mbwa halisikii, na sitaki mlijaribu ovyo likaharibika. Nikipata likizo mwezi wa nane nitakuja nimfundishe upya mwenyewe. Kwa sasa mfungieni Mama mdomo, au mtoeni mbwa nje.

Wifi yako ameshindwa kuandika, ana kidonda mkononi. Anawasalimu.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, nami sijambo.

Kidonda mkononi. Sawa. Mkono upi? Niambie wa kulia au wa kushoto, nami nitakuambia kama umekumbuka vizuri.

Mwezi wa nane uliotuahidi haukuhitajika, maana mtu wa tatu alishajitokeza. Ni Mwenyekiti mwenyewe. Alikuja kulalamikia kubweka. Mimi niko mezani nakata kitambaa cha kiti cha kinyozi, natazama mlango unafunguka, na kabla sijatema pini mdomoni Mama ameshasema, "Karibu, karibu kiti, Mwenyekiti." Mara mbili! Hata kama la kwanza mbwa angelipuuza, la pili lilikuwa amri rasmi.

Karani akamshika suruali. Si mguu, suruali, tena mahali ambapo mtu hawezi kuivua mbele ya mama wa miaka sabini na mbili na akabaki na cheo. Akasimama hivyo, faili kwapani. Tulijaribu kila kitu. Tukasema tafadhali, hodi, kwaheri, starehe, hongera. Mama akajaribu "heri ya mwaka mpya." Mwenyekiti mwenyewe alikuwa anapiga makelele mchanganyiko, mengine ya kuomba, mengine ya kututishia. Alitaja sindano, alitaja bunduki, akamtaja na diwani. Nikaanza kulia, sikufichi. Nilimwona huyo mbwa ameshakufa.

Halafu mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa. Mtu akatoka, akaja polepole akasimama mbele ya Karani, mikono nyuma, hatua mbili tu. Alikuwa anatetemeka. Akasema neno moja, kwa sauti ya chini kabisa.

Samahani.

Karani akaachia. Akarudi chini ya meza, akalaza kidevu.

Mwenyekiti akajipangusa, akamtazama yule mtu, akasema kama kuna mwenye kuweza kumtawala mbwa humu ndani, atatupa siku kumi na nne tumrekebishe. Akaondoka bila kukaribishwa tena.

Kwa hiyo neno tumelipata na likizo yako unaweza kuila mahali pengine. Nani kalitamka sisemi, nimeapishwa tangu Desemba. Lakini wewe ni mwalimu wa mbwa mwenye cheti ukutani. Piga hesabu ni watu wangapi duniani wanaolijua hilo neno.

Dada yako


16 Mei

Dada,

Yupo hapo?

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama getini na dereva ananichekea usoni. Sikuweza kumaliza salamu, nisamehe kwa hilo.

Yupo hapo tangu Desemba, na wewe ulikuwa unamsomea salamu zake mwenyewe. Mapazia. Ngazi. Kidonda. Njia ya mwongo fupi, lakini yangu wewe uliirefusha kwa makusudi ili nitembee nayo peku. Sawa. Nilistahili.

Ni mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Nakumbuka.

Nitakuambia, maana nadhani yeye hakukuambia yote. Huku kwetu mimi ndiye niliyemleta mbwa ndani. Sio Karani, ni mwingine, aliyemtangulia, wa kwanza kufundishwa yale maneno. Nilikuwa namwonea fahari. Yeye akasema, "Mjengee banda, sitaki mnyama wa kazi sebuleni." Mimi nikamwambia mbwa huyu ana akili kuliko wageni wako. Tuligombana asubuhi nzima. Mchana wakaja shangazi zake wawili, akafungua mlango akasema "karibuni." Yeye ndiye aliyekuwa karibu na mbwa. Mbwa akamshika mkono.

Alichoshika yule mbwa hakikuwa mkono wa koti, dada. Alikuwa na blauzi ya mikono mifupi.

Akaniambia, "Mwambie aachie." Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa, mdomoni. Lakini neno lenyewe si unalijua sasa? Nililichagua kwa mzaha, nikiwaambia walinzi kwamba hilo halitatumika kwa bahati mbaya, kwa sababu mwanamume wa kazi hii halisemi. Na tulikuwa tumegombana, na shangazi zake wananitazama. Nikaona nikilisema pale, nimelisema kwake. Nikamwambia, "Kwanza kubali kwamba umemchokoza."

Nilisimama, dada. Nilisimama nikamtazama.

Damu ikaanza kushuka kwenye vidole. Ndipo yeye akasema, taratibu, akinitazama mimi na si mbwa: "Samahani." Yeye, ambaye hakukosa kitu. Akalisema ili mimi nishibe. Na mbwa akaachia. Akautazama mkono wake, akamtazama mbwa, halafu akaelewa. Nikaona anaelewa kwamba neno ndilo lilelile, na kwamba muda wote ule nilikuwa nalo. Jioni alikuwa amefunga sanduku.

Tangu siku hiyo sitaki mbwa aingie ndani ya nyumba ya mtu yeyote. Banda, upepo, matofali, saruji, yote niliyokuandikia ni kweli, na yote nilikuwa nakwepa hili.

Mwambie samahani. Mwambie nimeiandika kwa mkono wangu, uone kalamu ilivyokwaruza. Samahani.

Nije?

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako peke yangu kwanza, nikiwa nimekaa kwenye sofa la mwalimu mkuu. Nilikasirika mpaka nikaichana sponji kwa kucha, na itanibidi niilipe. Mimi ndiye niliyekufundisha kutembea. Laiti ningejua, ningekuacha ukitambaa.

Ulikuwa sahihi, yote hakuwa ameniambia. Alikuja na sanduku na mkono umefungwa, akasema ameanguka jikoni. Mama alimtazama, akampa chumba cha nyuma, akaniambia, "Huyu ni mwanangu, wewe usiulize." Ulipomleta Karani alikaa siku nzima amefunga mlango. Ndiye aliyesema mbwa asiyemwona ndiye anayemwogopa. Alikaa naye sebuleni, kila mmoja kwenye kona yake, wakitazamana kama wadaiwa. Siku ya tisa mbwa alihama kona. Sasa analala mlangoni kwake.

Za Karani ni nzuri. Wifi anamfundisha upya, polepole, maneno ya mbwa wa kawaida, na kila asubuhi Mama anasema "karibu" mara kumi huku anamtupia kipande cha mkate, mpaka neno limeanza kumwingia kama neno la chakula. Mwenyekiti alikuja kukagua siku ya kumi na tatu, akabaki amesimama mlangoni. Mama akamkaribisha. Karani akaenda kumnusa akarudi. Mwenyekiti akasema vizuri, ila hakukaa.

Halafu nikampa wifi barua yako. Hakuisoma mbele yangu. Alirudi jioni, ameikunja, akaniambia nikuandikie hivi, na usidhani nimeongeza langu, maana langu lingekuwa refu na chafu:

"Samahani unamwambia mtu uliyemkanyaga kwenye foleni. Tena yeye hilo alishalitoa, alimpa mbwa, na mimi nimelisema mara mbili kwa ajili ya mbwa wake, na mara zote mbili mimi ndiye niliyetetemeka. Neno la mbwa silitaki. Kama analo langu, alitafute."

Umeuliza kama uje. Mlango si wangu huo. Mama naye nilimuuliza, akasema ukija bila hilo neno yeye mwenyewe atakuambia karibu, na kabla hujaja atahakikisha mbwa amesahau mkate.

Dada yako


11 Juni

Dada,

Shikamoo. Mshikie Mama miguu kwa niaba yangu.

Nimetafuta siku nyingi. Nilidhani ni kazi rahisi, lugha yetu ina maneno mengi ya kuomba, na kila nililolishika nikakuta nimeshalitumia mahali, kazini au kwenye utani. Radhi nilimpa mbwa wa bandarini. Naomba nalo analo mbwa wa benki. Hata "tafadhali" nimeiuza. Miaka kumi na sita nimechukua adabu zote tulizofundishwa na Mama nikazigawa kwa mbwa, nikapewa cheti.

Limebaki moja. Kabla sijaliandika nilitaka niwe na hakika. Leo baada ya chakula cha mbwa nilipita mbele ya mabanda yote kumi na mawili, nikasimama kila mlango, nikalitamka kwa sauti ya chini. Walinzi walinitazama wakadhani nimechanganyikiwa. Hakuna mbwa aliyekaa. Hakuna aliyelala, aliyebweka wala aliyeinua sikio. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumfundisha neno hilo. Niliporudi banda la kwanza nikalisema tena, nikashindwa kulimaliza.

Nimekosa.

Halina ombi ndani yake, nimeligeuza nikaona. Halimtaki aseme chochote. Msomee kama lilivyo, halafu toka chumbani, usikae kusubiri uso wake ili uje uniandikie. Sitauliza tena kama nije, hata huo mwezi wa nane. Nitakuwa huku.

Mwambie ni lake peke yake.